FIWI NA KUNDE KATIKA SOKO LA MBEGU ZA KULUNGU MAREKANI

Kuna mnunuzi wa mbegu ambaye hana haja ya kujua bei ya mazao wakati wa mavuno, kwa sababu hana nia ya kuvuna. Hupima udongo, hununua chokaa na mbolea, hupanda kunde, soya, fiwi au oti, kisha huliacha shamba lote liliwe na wanyama wa porini. Mnunuzi huyo ni mwindaji wa Marekani, na mnyama anayelimiwa ni kulungu wa mkia mweupe.

Kwa wafanyabiashara wa nafaka wa Arusha, Karatu, Nairobi na Dar es Salaam habari hii inagusa mfuko. Miongoni mwa mimea inayotafutwa kwa kazi hiyo imo fiwi, ile ile inayoitwa ngwara kaskazini mwa Tanzania na njahi nchini Kenya. Imo pia kunde. Mwenye stoo iliyojaa magunia akisikia kwamba kule Texas fiwi huuzwa kwa mifuko midogo, kwa dola, swali lake huwa moja tu: je, tupeleke?

Magunia yaliyomo stoo siyo bidhaa inayotakiwa kule. Hata hivyo, sababu zinazomfanya Mmarekani achague mbegu hii na kuiacha ile zinafaa kujulikana na kila anayeshughulika na jamii ya kunde, kwani ndizo zinazoonyesha fedha ya biashara hii iko wapi.

SOKO LENYEWE

Idara ya Wanyamapori ya serikali ya Marekani ilihesabu wawindaji milioni 11.5 katika utafiti wake wa mwaka 2016, na milioni 14.4 katika ule wa mwaka 2022. Namna ya kuhesabu ilibadilishwa kati ya tafiti hizo mbili, kwa hiyo msomaji asiharakishe kusema soko limekua kwa kiasi hicho. Linaloweza kusemwa bila wasiwasi ni kwamba wawindaji ni mamilioni, na kwamba wengi wao humfuata kulungu kuliko mnyama mwingine yeyote.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kulungu wa mkia mweupe alikuwa karibu kwisha. Alikuwa amewindwa kwa ajili ya kuuza nyama na ngozi mpaka waliobaki wakakadiriwa kuwa nusu milioni au pungufu. Sheria ya Lacey ya mwaka 1900 ilizuia biashara ya wanyama waliowindwa isivyo halali kuvuka kutoka jimbo moja kwenda jingine, na sheria ya mwaka 1937 ijulikanayo kama Pittman-Robertson ikaelekeza kodi ya bunduki na risasi kwenye utunzaji wa wanyamapori. Leo kulungu hao hukadiriwa kuwa kiasi cha milioni 30.

Nyama ya kulungu aliyewindwa porini hairuhusiwi kuuzwa kibiashara. Mwindaji hula mwenyewe, hugawia jamaa au hutoa sadaka. Basi, mtu aliyezoea kupiga hesabu ya mapato na matumizi atauliza, gharama ya mbegu na trekta inarudishwa na nini?

Inarudishwa na ardhi. Wanyama wa porini kule si mali ya mwenye shamba, lakini ardhi wanayokanyaga katika majimbo ya mashariki na kusini kwa sehemu kubwa ni mali ya watu binafsi. Jimbo la Texas zaidi ya asilimia 90 ya ardhi yake iko mikononi mwa watu binafsi. Mwenye ardhi hukodisha haki ya kuwinda, kwa msimu au kwa mwaka, na shamba lenye kulungu wengi, wenye afya na pembe kubwa, hupata mpangaji upesi kuliko lile lililo tupu. Kishamba cha malisho ni sawa na mwenye nyumba anayepaka rangi na kuvuta maji ili apandishe kodi. Wapo pia wengi wasiokodisha kwa mtu yeyote. Hao hupanda kwa mapenzi tu, na muuzaji wa mbegu anajua kuwa mteja wa aina hiyo habishani sana juu ya bei.

Jambo la pili linalosukuma soko hili ni sheria za chambo. Majimbo mengi huzuia au huwekea mipaka kumwaga mahindi chini ili kuwakusanya kulungu, hasa tangu kusambaa kwa ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, ambao hauna tiba. Ulionekana kwa mara ya kwanza Colorado mwaka 1967 na sasa umefika katika majimbo zaidi ya 30. Midomo mingi kwenye rundo moja la mahindi hueneza maambukizi. Mmea uliopandwa na kukua shambani kwa kawaida hauhesabiwi kuwa chambo, hivyo mahali ambapo mahindi ya kumwaga yamepigwa marufuku, mbegu ya kupanda hubakia kuwa njia halali.

MNYAMA NA KALENDA YAKE

Kabla ya kuzungumzia mbegu, tumtambue mlaji. Huyu si kulungu wa misitu yetu, ambaye wengine humwita pongo. Yule wetu pembe zake ni za maisha. Wa Marekani huangusha pembe kila mwaka baada ya msimu wa kupandana na huotesha nyingine mpya kuanzia majira ya kuchipua, na kufikia mwezi Septemba huwa zimekomaa na kukauka. Ndani ya miezi hiyo michache dume hujenga mfupa mzito kichwani, wakati jike ananyonyesha. Wote wawili wanahitaji protini, kiasi cha asilimia 16 ya chakula chao.

Aidha, kulungu hali kama ng'ombe. Ng'ombe hukata nyasi kwa ulimi na kujaza tumbo. Kulungu huchagua kwa ncha ya mdomo jani changa, ua, tunda na chipukizi, na jani lililokomaa na kuwa gumu huliacha. Ndiyo maana shamba la majani ya tembo, hata likiwa la kijani namna gani, halimvuti. Mwenye mbuzi ataelewa haraka.

Kisha likija baridi mahitaji yake hugeuka. Protini haimsaidii sana wakati huo. Anataka wanga na mafuta ili apate joto, na hapo ndipo anapoenda kwenye mahindi, soya iliyokauka na mizizi yenye sukari.

Kwa sababu hiyo, anayeuza mbegu kwa mwindaji huanza kwa kumwuliza ni mwezi gani wanyama wake wana njaa. Kulungu hatembei mbali kufuata chakula ambacho tayari kimejaa msituni. Katika Texas na majimbo jirani mwezi mbaya ni Julai na Agosti, mvua ikikatika na majani ya porini yakiwa magumu. Katika Michigan, Wisconsin na Minnesota mwezi mbaya ni Januari mpaka Machi, theluji ikiwa imefunika kila kitu. Mbegu inayompa faida mtu wa kusini inaweza kuwa hasara tupu kwa mtu wa kaskazini.

KLOVA NA NAFAKA ZA BARIDI

Mmea ulioenea kuliko yote ni klova, hasa ile nyeupe yenye majani makubwa iitwayo ladino. Jani lake lina protini zaidi ya asilimia 20, hudumu shambani miaka mitatu hadi mitano likipaliliwa, na linavumilia kukatwa mara kwa mara. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, na kilo tatu au nne zinatosha ekari moja. Biashara ya kutia jina la kulungu kwenye mfuko wa mbegu ilishika kasi kwa klova. Mwaka 1988 Ray Scott, mtu aliyekwisha kujijengea jina kwa mashindano ya uvuvi, alianzisha huko Alabama kampuni ya Whitetail Institute of North America, akauza klova iliyokusudiwa kwa kulungu badala ya ng'ombe. Tangu hapo mfuko wa mbegu wenye picha ya dume mwenye pembe pana umekuwa bidhaa ya kawaida madukani.

Hapo ndipo mnunuzi mdogo anapopaswa kusoma nyuma ya mfuko. Picha ni ile ile, lakini ndani mara nyingi mna mchanganyiko ambao sehemu yake kubwa ni nyasi za bei nafuu zinazoota haraka na kumpendeza mwenye shamba, wakati kulungu anazipita. Sheria ya Mbegu ya mwaka 1939 inamlazimu muuzaji anayevusha mbegu kutoka jimbo hadi jimbo kuandika kilichomo, kwa asilimia, pamoja na kiwango cha uotaji na mbegu za magugu. Mwenye kusoma lebo hununua klova kavu na oti kavu kwa mfanyabiashara wa mbegu za kawaida, akachanganya mwenyewe, na akalipa pungufu.

Kwa msimu wa kuwinda, ambao ni wa vuli, nafaka tatu zinashindana: oti, ngano na rai. Zote hupandwa mwishoni mwa kiangazi kwa kiasi cha kilo 45 hadi 50 kwa ekari na huliwa zikiwa majani machanga. Oti ndiyo tamu kuliko zote kwa kulungu, na ndiyo inayokufa kwanza baridi ikizidi. Rai ni ngumu, huota kwenye udongo mbovu na huendelea kukua hata halijoto ikiwa imepanda kidogo tu juu ya kuganda, ila haipendwi kama oti. Ngano iko katikati. Mwindaji wa Georgia huchukua oti bila kufikiri mara mbili. Wa Wisconsin akifanya hivyo, Desemba atakuwa na shamba la majani makavu, kwa hiyo huchanganya na rai.

Kuna na jamaa za kabichi, yaani tanipu, rapu na ndugu za sukuma wiki. Kilo mbili hadi tatu tu kwa ekari, na mavuno ya majani ni makubwa mno kwa fedha iliyotumika. Baridi ikipiga, wanga uliomo hugeuka sukari na mnyama ambaye alikuwa akipita bila kugusa huanza kula mpaka mizizi. Kasoro yake ni kwamba mahali ambapo mmea huu haujawahi kupandwa kulungu huweza kuukataa mwaka wa kwanza, au hata wa pili, mpaka auzoee. Mtu aliyetumia fedha yote kwa tanipu msimu wake wa kwanza anaweza kuimaliza vuli akitazama shamba la kijani lisilo na unyayo.

MIDOMO MINGAPI, EKARI NGAPI

Hesabu inayowaangusha wanaoanza ni ya idadi ya walaji. Kulungu mmoja mzima hula kiasi cha kilo tatu za majani kwa siku. Soya changa, kunde changa na fiwi changa ni chakula kitamu kuliko vyote wakati wa joto, na kwa sababu hiyo hiyo huliwa na kumalizwa zikiwa na majani mawili. Jamii ya kunde ikikatwa chini ya kichipukizi cha kwanza haichipui tena. Nusu ekari ya soya mahali penye kulungu wengi hutoweka ndani ya wiki mbili baada ya kuota, na mwenye nayo hudhani mbegu ilikuwa mbovu.

Dawa ya kujua ukweli ni rahisi. Wenye uzoefu husimamisha kizimba kidogo cha waya katikati ya shamba, upana wa hatua moja, ili mnyama asifikie mimea iliyo ndani. Baada ya mwezi hulinganisha. Kama ndani ya waya mimea imefika kiunoni na nje ni udongo mtupu, mbegu ilikuwa nzuri na walaji walikuwa wengi mno. Kama ndani na nje ni sawa, wanyama hawaitaki, au hawana njaa. Na kama ndani pia ni mbaya, kosa ni la udongo. Kizimba hicho ni mkaguzi wa hesabu asiyelipwa mshahara, na kwa maoni ya mwandishi huyu kingefaa hata kwa wafugaji wetu wanaogombana na wauza mbegu za malisho.

Kwa hiyo mwenye eneo dogo na walaji wengi huachana na soya na fiwi, au huzungushia uzio wa umeme mpaka mimea ifike magotini. Vinginevyo hupanda klova na nafaka, ambazo ukizikata hurudi. Mwenye ekari nyingi ndiye anayeweza kumudu jamii ya kunde wazi wazi, kwa sababu wanyama hawawahi kuimaliza.

Juu ya udongo hakuna maneno mengi. Klova na ndugu zake zinataka kipimo cha uchachu kiwe kati ya 6 na 7, udongo mwingi wa misituni uko chini ya hapo, na chokaa ya kilimo huchukua miezi kufanya kazi. Mfuko wa chokaa ni rahisi kuliko mfuko wa mbegu, na hauna picha ya dume mwenye pembe. Labda ndiyo sababu wengi huukumbuka mwisho.

KUNDE, FIWI NA MAREJEA

Kunde asili yake ni Afrika na ilivuka bahari ya Atlantiki pamoja na watu waliouzwa utumwani. Kusini mwa Marekani ilikuwa chakula cha watu, lishe ya mifugo na mbolea ya ardhi, kabla ya soya kuchukua nafasi yake. Aina mbili za zamani, Iron na Clay, zilibakia na leo huuzwa zikiwa zimechanganywa. Kulungu ndiye aliyezirudishia soko. Hutambaa kwa muda mrefu bila kukimbilia kuzaa, hustahimili minyoo ya mizizi, mbegu yake ni ngumu na haiozi upesi ardhini, na ikiliwa juu huchipua pembeni mradi haikung'olewa. Kilo 25 hadi 35 hupanda ekari.

Mfanyabiashara wa kunde za kula angeiona aina hiyo kuwa mbovu. Kule Singida au Dodoma mkulima anataka kunde inayowahi, izae yote kwa pamoja, ivunwe kabla mvua haijamkimbia. Mwindaji anataka kinyume chake, yaani majani kuanzia Mei mpaka baridi ya kwanza, na punje zisije kabisa kama inawezekana.

Kwa upande wa fiwi, sifa yake kubwa ni mzizi. Ikishajishikiza huenda chini na kuendelea kutoa jani bichi katika ukame wa Julai ambao unaikausha soya, na jani hilo lina protini nyingi. Ndiyo maana mashamba ya Texas kusini yaliipokea. Hupandwa udongo ukishapata joto, kwa kilo saba hadi kumi kwa ekari, na baridi ya kwanza huiua. Wengi huipanda pamoja na mtama au mahindi ili ipate pa kutambalia na ili mabua yaikinge na midomo wakati ikiwa changa. Mkulima wa Karatu anayeweka ngwara ndani ya mahindi yake hatashangazwa na jambo hilo.

Aina iliyosambaa duniani kama malisho inaitwa Rongai, jina la mji wa Bonde la Ufa nchini Kenya ambako mbegu yake ya kwanza ilitoka. Ilipelekwa Australia, ikafanyiwa majaribio, na mwaka 1962 ikatolewa rasmi kwa wafugaji wa huko. Kwa muda mrefu mbegu ya fiwi iliyopandwa Texas ilikuwa ikitoka Australia. Kenya ilitoa mmea. Australia ikatoa jina, uthibitisho, na meli.

Chuo Kikuu cha Texas A&M, katika kituo chake cha Overton, kilikuja kuchagua fiwi nyingine ikaitwa Rio Verde. Wataalamu waliangalia mambo matatu: mmea uvumilie kung'olewa majani mara kwa mara, utoe lishe nyingi, na uweze kuzaa mbegu ndani ya Texas kwenyewe. Rongai huchelewa kuchanua, na huko baridi huiwahi kabla mbegu haijakomaa. Kwa sifa hiyo ya tatu peke yake Texas ilijipatia mbegu ya nyumbani na kupunguza utegemezi wa meli ya Australia.

Marejea nayo inahitaji tahadhari. Wamarekani wa kusini hupanda mmea wa jamii hiyo kwa ajili ya kulungu na kwa ajili ya kurutubisha ardhi, na mtu wa Ruvuma akiona picha atasema ni ule ule wa kwao. Siyo. Wao hutumia aina yenye asili ya India, wakati marejea iliyozoeleka kusini mwa Tanzania ni ndugu yake. Ndugu mwingine wa ukoo huo ni sumu kwa mifugo na ni gugu linalochukiwa kusini mwa Marekani. Mzigo wa mbegu zisizojulikana vizuri za jamii hii ni mzigo wa kupata nao matatizo bandarini.

HESABU YA MWENYE STOO

Turudi kwenye swali la magunia. Tuseme mtu amepata kontena moja la fiwi, tani 20. Kwa kipimo cha kilo kumi kwa ekari, kontena hilo linapanda ekari 2,000. Kishamba cha kawaida cha kulungu ni kati ya robo ekari na ekari tano. Hata tukichukua ekari mbili kwa kila mwenye shamba, kontena moja linahitaji wateja elfu moja, waliotawanyika kwenye majimbo, kila mmoja akitaka mfuko wa kilo ishirini wenye lebo. Anayewafikia wateja hao ni mwenye maduka na katalogi. Yeye ndiye anayechukua sehemu nono ya bei, na aliyeleta kontena hulipwa bei ya jumla.

Pili, mbegu ya kupanda na nafaka ya kula ni bidhaa mbili hata kama zimetoka kwenye ganda moja. Fiwi ya stoo ya Arusha imechanganyika, nyeusi na kahawia, ya kijiji hiki na kile, na haina jina la aina. Mnunuzi wa mbegu anauliza jina, anauliza uotaji, anauliza usafi. Mbegu ya kuuzwa nje inahitaji cheti cha afya ya mimea, ambacho Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu na Kenya na KEPHIS, na ikifika Marekani hukaguliwa upya. Fukusi mmoja ndani ya kunde anatosha kuharibu safari yote. Na aina mpya zilizosajiliwa kule zaweza kulindwa kwa sheria ya mwaka 1970 inayompa mwenye aina haki yake kwa miaka 20, kwa hiyo hata kuzalisha huku na kuwauzia wao kunahitaji mkataba.

Tatu, mshindani tayari yupo, naye ana trekta, karafati na chuo kikuu mlangoni.

Kwa sababu hizo, mwenye mtaji mdogo akiambiwa na dalali kuwa kuna soko la fiwi Marekani, amwombe dalali huyo jina la aina inayotakiwa kabla ya kuomba bei. Dalali asiyejua jina la aina hajui biashara anayoizungumzia.

PENYE NAFASI KARIBU

Sifa zile zile ambazo mwindaji wa Texas analipia kwa dola ndizo anazozihitaji mfugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Arusha, Nakuru au Machakos: mmea unaostahimili ukame, unaoliwa ukarudi, wenye protini ya kuongezea kwenye mabua ya mahindi. Hapa fiwi hutazamwa kama punje, na bei yake huamuliwa na soko la njahi la Kenya. Mfugaji akitaka mbegu ya fiwi kwa ajili ya jani huishia kununua punje za sokoni, zilizochaguliwa kwa miaka mingi ili zizae upesi na zipendeze kwenye sufuria.

Pengo hilo ni dogo lakini ni halisi, na linamfaa mtu mwenye ekari kumi kuliko mwenye meli. Kinachohitajika ni aina moja iliyotambuliwa, shamba lililotengwa lisichanganyike, ukaguzi wa TOSCI kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya, na mifuko ya kilo moja na mbili, kwani mfugaji mwenye ng'ombe wawili hatanunua ishirini. Mteja wake haoni aibu kurudi dukani akilalamika, jambo ambalo mwindaji hulifanya mara moja kwa mwaka.

Mwenye kutaka kuanza msimu ujao aanze na kipimo cha uotaji. Punje mia moja, kitambaa kibichi, siku saba hadi kumi, ahesabu zilizoota. Zikiota 85 na kuendelea, anayo mbegu ya kujadiliana juu yake. Kipimo hicho kiandikwe na tarehe yake, maana mbegu inazeeka. Mbegu ya kilimo inayovuka mpaka wa jimbo kule Marekani hutakiwa kuwa imepimwa ndani ya miezi mitano, na mfugaji wa Machakos naye ana haki ya kuuliza ilipimwa lini.